Watu Wazima na Vitabu vya Farasi Wadogo

  Kaeni vizuri. Wekeni daftari na kalamu karibu, lakini msiandike kwanza. Sikilizeni.

Darasa moja limetuletea barua. Walioiandika ni akina mama tisa na wazee wawili, nao wameiandika kwa mikono yao wenyewe. Wanasema wamekwisha kumaliza kitabu cha pili, na sasa mwalimu amewaletea sanduku la vitabu vya hadithi. Hadithi zenyewe ni za watoto: sungura na fisi, kijana na ng'ombe wake. Mama mmoja amekifunga kitabu chake kwa gazeti ili majirani wasione picha ya jaladani. Mwingine amechekwa na mumewe. Wanauliza: je, ni haki mtu mzima kusoma hadithi za watoto?

Swali hili sitalijibu kwa neno moja. Nitawaeleza habari za watu wazima fulani wa Uingereza ambao hakuna awezaye kuwaambia kwamba hawajui kusoma. Wamo walimu, wamo wauguzi, wamo mabibi wenye wajukuu. Watu hawa hutafuta vitabu vya watoto vya zamani, huvinunua, huvipanga rafuni na kuvisoma tena. Wala si vitabu vya watoto vya kila namna. Ni vitabu vya farasi wadogo.

Kwanza tuelewane juu ya mnyama mwenyewe. Waingereza wana farasi wakubwa wa kukokota magari na wa mashindano, na wana farasi wa kimo kifupi ambaye humwita poni. Poni si mtoto wa farasi. Hata akizeeka atabaki mfupi vile vile; kimo chake penye mabega hakipiti sentimeta 148. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi aweza kumpanda. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: tandiko, hatamu, lijamu. Tandiko ni mahali anapokalia mpandaji. Hatamu ni kanda za ngozi za kumwongozea farasi. Lijamu ni chuma kinachotiwa kinywani mwake. Wenye kufuga punda hawatapata taabu na maneno haya.

Sasa tuje kwenye vitabu. Mama wa vitabu hivi vyote ni Anna Sewell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1820. Alipokuwa msichana alianguka akaumia miguu, na tangu siku ile hakuweza kusimama muda mrefu. Kila alikokwenda alichukuliwa na gari la farasi. Basi akawajua farasi, tena akaona walivyopigwa. Mwisho wa maisha yake, akiwa mgonjwa, aliandika kitabu kimoja tu, nacho ni Black Beauty, kilichotoka mwaka 1877. Mwaka uliofuata akafa. Katika kitabu hicho farasi mwenyewe ndiye anayesimulia: alivyozaliwa, alivyouzwa huku na huku, mabwana wema na mabwana wabaya aliowapata.

Hapa pana jambo la ajabu. Anna Sewell hakuwaandikia watoto. Aliwaandikia watu wazima wenye kazi ya farasi: saisi, waendesha magari, na matajiri wao. Siku zile matajiri walipenda farasi wao waende wameinua vichwa juu sana ili waonekane wa fahari. Wakawafunga ukanda wa kuvuta kichwa, na farasi akishindwa kukishusha hata anapopanda kilima na mzigo. Mnyama aliumia shingo na pumzi. Sewell alieleza maumivu yale kwa maneno ya farasi mwenyewe, na kitabu chake kilisaidia sana kuwafanya watu waone aibu juu ya ukanda ule. Baadaye kitabu kikawekwa katika rafu za watoto, na huko kimekaa mpaka leo. Kwa hiyo mtu mzima akikishika, anakishika kitabu alichoandikiwa yeye.

Baada ya Sewell waandishi wengi waliendelea kumpa farasi kinywa cha kusema. Mwaka 1929 kilitoka kitabu kiitwacho Moorland Mousie, ambamo poni wa nyika za Exmoor anasimulia maisha yake. Halafu, mwaka 1936, mwandishi Joanna Cannan alifanya jambo jipya katika kitabu chake A Pony for Jean. Farasi akanyamaza, mtoto akasema. Jean ni msichana ambaye baba yake amepoteza mali. Wanahama London kwenda shamba, na huko binamu zake wenye mali wanampa farasi mmoja aliyekonda ambaye hawamtaki. Walimpa jina la kumdhihaki. Kule Uingereza kipo kidude cha waya cha kusimamishia vipande vya mkate uliochomwa, na waya zake zimesimama moja moja. Basi mbavu za farasi yule zilionekana hivyo hivyo, nao wakamwita kwa jina la kidude hicho. Jean akamwita Cavalier, yaani mpanda farasi shujaa, akamlisha, akajifundisha kumpanda.

Huo ndio ukawa mfano wa mamia ya vitabu vilivyofuata. Mabinti watatu wa Joanna Cannan mwenyewe, Josephine, Diana na Christine Pullein-Thompson, waliandika kwa pamoja zaidi ya vitabu mia. Walianza wakiwa vijana kabisa, wakati wa Vita Kuu ya Pili, nao walikuwa wakifundisha watu kupanda farasi.

Nilipokuwa Uingereza nikisomea diploma ya chuo kikuu, nilipanga chumba kwa bibi mmoja aliyekuwa mwuguzi, naye alikuwa amestaafu. Chumba cha mbele kilikuwa na rafu mbili za vitabu hivi. Nilidhani alikuwa na farasi utotoni. Akacheka. Alizaliwa mjini, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, na farasi aliyemjua kwa karibu alikuwa wa gari la makaa. Vitabu alikuwa akiviazima maktaba, kila juma viwili, na kila juma akavirudisha. Hakuwa na hata kimoja chake. Alipoanza kupata mshahara alisema moyoni, siku moja nitavinunua vyote nisivirudishe tena. Lakini alipata watoto, na kazi za usiku hospitali, na siku hiyo ikachelewa kufika kwa miaka thelathini.

Kazi yenyewe ya kukusanya si nyepesi. Vingi vilisomwa na watoto mpaka vikachanika. Vile vya wakati wa vita vilipigwa chapa kwenye karatasi nyembamba, maana tangu mwaka 1940 karatasi iligawiwa kwa kipimo katika Uingereza. Mkusanyaji hufungua kwanza ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, kutazama mwaka na kama ni chapa ya kwanza. Kisha hutazama kama ile karatasi ya picha inayofunika jalada ingalipo. Watoto huitupa karatasi hiyo, kwa hiyo kitabu kilicho nayo huuzwa ghali mara nyingi kuliko kisicho nayo. Yule bibi hakujali karatasi. Yeye alipenda jina lililoandikwa ndani kwa penseli, la mtoto mwingine wa zamani, na mahali palipodondoka chai.

Jambo alilolijali ni maneno yenyewe. Vitabu vingi vilipopigwa chapa tena kwa bei nafuu vilifupishwa, wala jaladani hapakuandikwa hivyo. Alinionyesha viwili vyenye jina moja. Katika kimoja sura nzima haimo. Kadhalika vingine vilibadilishwa. Ruby Ferguson aliandika vitabu tisa vya msichana aitwaye Jill, cha kwanza mwaka 1949 na cha mwisho mwaka 1962. Farasi wa kwanza wa Jill aliitwa Black Boy. Katika chapa za miaka ya 1990 jina hilo likageuzwa likawa Danny Boy. Sisi ambao babu zetu waliitwa boi katika nyumba za watu tunaweza kuelewa kwa nini mpiga chapa aliona vibaya. Hata hivyo mimi nakubaliana na wakusanyaji: afadhali kitabu kibaki kilivyoandikwa, nasi tukijue kilikuwa cha watu gani na cha wakati gani.

Katika vitabu hivyo vya zamani kila kitu kinahesabiwa kwa shilingi. Waingereza waliiacha shilingi yao mwaka 1971, na mtoto wa huko leo hajui kwamba ishirini zilifanya pauni moja. Msomaji wetu angeona yuko nyumbani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague somo hili. Nilimwuliza yule bibi: unajua mwisho wa kila kitabu, farasi atanenepa, msichana atashinda kikombe, unasoma nini tena? Akanipa kitabu cha Jill akasema, safari hii mtazame mama yake.

Nikasoma. Mama yake Jill ni mjane. Anajipatia riziki kwa kuandika hadithi za watoto, na fedha huja leo, kesho zisije. Jill anazichukia hadithi hizo na anasema hivyo bila kificho. Mtoto akisoma atacheka pamoja na Jill. Mtu mzima aliyewahi kulipa karo ya shule hacheki sana. Anamwona mwanamke ameinama mezani akiandika kitu ambacho mwanawe mwenyewe hakitaki, ili mwana huyo apate majani ya farasi. Maneno hayo yote yalikuwamo tangu mwaka 1949. Bibi yangu aliyapita akiwa na miaka kumi kwa kuwa alikuwa akimkimbilia farasi.

Chukueni na kitabu cha Enid Bagnold kiitwacho National Velvet, cha mwaka 1935. Velvet ni binti wa mchinja nyama. Anapata farasi kwa tiketi ya bahati nasibu, anajifanya mwanamume na kumpanda katika mashindano makubwa ya Grand National, na anatangulia wote. Ikajulikana kuwa ni msichana, na ushindi haukuhesabiwa. Watoto hukumbuka mbio. Lakini fedha za kuingia katika mbio hizo zilitoka wapi? Kwa mama yake, mwanamke mnene, mkimya, ambaye ujanani aliogelea bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza na kupewa dhahabu. Aliificha dhahabu ile miaka yote, akampa bintiye. Niliposoma mara ya pili nilifika hapo nikafunga kitabu kidogo. Na katika maisha ya kweli, mwanamke wa kwanza kuruhusiwa kupanda katika Grand National alikuwa Charlotte Brew, mwaka 1977, na wa kwanza kushinda ni Rachael Blackmore, mwaka 2021. Hadithi ya watoto ilitangulia kwa miaka 86.

Sitaki mdhani kwamba vyote ni vizuri. Vingi ni vibaya, na wakusanyaji wenyewe wanakiri. Hadithi ni moja imebadilishwa rangi ya farasi tu. Katika vingi, saisi anafagia kinyesi toka sura ya kwanza mpaka ya mwisho na hasemi maneno kumi. Hilo nalo mtoto halioni. Jane Badger, ambaye mwaka 2013 alitoa kitabu kizima juu ya hadithi hizi na baadaye akaanza kuzipiga chapa tena za zamani, hakuzifanya zote dhahabu.

Yule bibi ana kitabu kimoja ambacho bado anakitafuta. Hakumbuki jina lake wala mwandishi. Anakumbuka farasi wa kijivu na mto uliofurika, basi. Kila aendapo dukani kwa vitabu vilivyokwisha tumika hufungua vya farasi wa kijivu vyote.

Sasa akina mama na wazee wa ile barua, na madarasa mengine yote, fungueni sanduku la mwalimu. Kila mmoja achague hadithi moja aliyoisikia utotoni kwa bibi yake. Isomeni juma hili mara moja, kwa sauti, msiruke maneno. Mkiimaliza, isomeni tena, lakini safari hii mfuateni mtu mzima aliyemo ndani: mama yake kijana, mwenye ng'ombe, mke wa fisi. Andikeni katika daftari sentensi tatu juu ya mtu huyo: anafanya kazi gani, anataka nini, na nani anamlisha nani. Yule aliyechekwa na mumewe na ampe mumewe asome ukurasa wa kwanza, naye asome wa pili.

Walimu, kusanyeni daftari siku ya Ijumaa na mtuletee sentensi mlizozipenda. Tutazisoma hapa katika somo lijalo. Kwaherini.