Herufi ya Uhuru angani

Msikilizaji mpendwa, leo nakuomba tuiweke kando siasa na bei ya unga kwa dakika chache, tutazame juu. Katika kundi la nyota liitwalo Cassiopeia, upande wa kaskazini wa anga, iko nyota moja ambayo huwezi kuiona kwa macho. Katika madaftari ya wataalamu inaitwa 4U 0142+61. Tarakimu za mwisho zinaonyesha mahali ilipo. Ile 4U maana yake ni orodha ya nne ya Uhuru. Naam, Uhuru, neno letu la Kiswahili.

Limefikaje huko? Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, mafundi wa Kiitaliano walirusha roketi ya Kimarekani kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mahali hapo palifaa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, wenye setilaiti wakaiita Uhuru.

Eksirei tunazijua hospitalini. Hupenya nyama zikaonyesha mfupa. Lakini zile za nyota haziwezi kupenya hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, ndiyo sababu chombo cha kuzipokea sharti kipandishwe juu ya hewa. Uhuru ilifanya kazi huko kwa zaidi ya miaka miwili, na orodha yake ya nne ikawa na vyanzo 339. Nyota yetu ni kimojawapo.

Kwa miaka mingi haikujulikana ni kitu gani hasa. Mwaka 1994 watafiti wa Kiitaliano, wakipekua kumbukumbu za zamani za setilaiti ya Ulaya iitwayo Exosat, waligundua kwamba eksirei zake huongezeka na kupungua kila baada ya sekunde 8.7. Kumbe ni nyota ya nyutroni, yaani kiini cha nyota kubwa iliyokufa. Uzito unaoshinda ule wa jua umeshindiliwa ndani ya tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi. Hapo fumbo likazidi. Nyota izungukayo polepole namna hiyo haina nguvu za kutoa eksirei nyingi kiasi kile, wala haikuonekana kuwa na nyota jirani ya kuilisha. Nguvu zinatoka wapi?

Jibu ni sumaku. Robert Duncan na Christopher Thompson walikwisha kulipendekeza wazo hilo mwaka 1992. Mwaka 1998 Chryssa Kouveliotou na wenzake walipima nyota nyingine ya jamii hiyo, wakaona mzunguko wake unazidi kupungua kasi. Sumaku ndiyo breki. Ukijua breki inavyokamata, utajua ukubwa wa sumaku. Kwa hesabu hiyo, sumaku ya nyota yetu inaishinda ya dunia zaidi ya mara trilioni mia moja.

Mwaka 2022 setilaiti mpya, IXPE, ya Marekani na Italia, iliitazama nyota hiyo hiyo. Ilipima mawimbi ya eksirei zake yanaelekea upande gani yanapotikisika, na ikapata dalili kwamba uso wa nyota ni mgumu, usio na hewa juu yake. Na habari hizo zilishukia wapi, msikilizaji? Kituo kikuu cha kupokelea habari za IXPE kiko Ngomeni.

Basi kwa zaidi ya miaka 50 pwani yetu imekuwa bandari ya elimu hii. Roketi ilitoka kwetu, habari zinashukia kwetu. Lakini mwenye bandari asiyefungua hata sanduku moja atajuaje kilichomo?

Wengine watasema sayansi ya nyota ni anasa ya matajiri. Nawakumbusha ugunduzi wa mwaka 1994. Haukuhitaji roketi mpya. Ulihitaji watu wa kusoma upya kilichokwisha kuhifadhiwa. Na kumbukumbu za IXPE ziko wazi kwa yeyote duniani. Kijana wa Malindi mwenye kompyuta anaweza kuzichukua leo hii. Kinachotakiwa ni hesabu na fizikia za kumwezesha kuzielewa, na hizo hufundishwa na mwalimu aliye darasani, mwenye vifaa na mshahara unaofika kwa wakati.

Jina letu limo katika orodha ya nyota tangu zamani. Lililobaki ni watoto wetu waweze kuisoma orodha hiyo.

Hadi juma lijalo, kwaheri.