Glakoma, Kutu ya Jicho



Ndani ya jicho mna maji yapitayo daima, yakatoka penye vijitundu mfano wa chujio. Hewa ya oksijeni, iliyo uhai wa mwili, huacha pia masalio makali yalayo chembe hai kama kutu ilavyo chuma. Kwa wenye glakoma ya kawaida wataalamu wameona madhara hayo katika chujio hilo. Maji yakizuilika, presha ya jicho hupanda, na mshipa wa fahamu wa jicho hufa polepole pasipo maumivu. Nuru iliyopotea hairudi.

Maji hayo yana vitamini C nyingi kuliko damu, nayo ni kinga. Lakini hakuna tembe ya vitamini wala mizizi iliyothibitika kutosha badala ya matone yapunguzayo presha.

Basi mgonjwa asiyaache matone kwa kuwa haumwi, wala kwa ajili ya Ramadhani: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua Jeddah mwaka 1997 kwamba matone ya macho hayabatilishi saumu. Na ndugu zake wa tumbo moja wakapimwe, maana nao wamo hatarini.

Mwenyezi Mungu awahifadhie wote nuru ya macho. Amin.