Kompyuta ya Probox na Vumbi la Mutomo

Kuna biashara imeingia gereji zetu za Ukambani ambayo haihitaji spana. Kijana anakuja na laptopu, anachomeka waya chini ya usukani wa Subaru yako, anabonyezabonyeza, kisha anakuambia injini imeongezewa nguvu. Unalipa, unatoka Kitui mjini kuelekea Kwa Vonza, na kweli gari linaruka. Sikuja kumtukana kijana huyo. Nataka wewe mwenye gari ujue anachofanya, na ukiweza ujifunze kukifanya mwenyewe, ila uanzie pale ambapo yeye hupapita mbio.

Injini ya petroli ya leo haina kabureta ya kukazwa kwa bisibisi. Inaongozwa na kompyuta ndogo yenye majedwali: hewa ikiwa kiasi hiki, mwaga petroli kiasi hiki, washa plagi wakati huu. Hesabu ya msingi ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Programu za kuhariri majedwali hayo zipo, na nyingine ni za bure. RomRaider ilitengenezwa na wapenzi wa Subaru. Ukiwa nayo, pamoja na programu ya EcuFlash na waya wa Openport, unaifungua kompyuta ya Forester ya turbo na kuisoma kama daftari la duka. Kusoma, nasema. Kuandika kusubiri.

Kwa nini kusubiri? Kwa sababu ya vumbi. Barabara ya Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui imetiwa lami, lakini ukiiacha tu uingie vijijini, hali ni ile ile ya zamani. Chujio la hewa la Probox likichoka, vumbi hupenya na kutua kwenye kiwaya chembamba cha sensa inayopima hewa. Kiwaya kikishavikwa vumbi, huripoti hewa pungufu kuliko ile inayoingia. Kompyuta inaamini, inapunguza petroli. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi inagundua kwamba petroli haitoshi, na kompyuta inaanza kufidia: asilimia 10, asilimia 15, zaidi, mpaka inafika ukomo wake na kuwasha taa ya injini kwa msimbo P0171.

Fundi wa kubahatisha atakubadilishia plagi, halafu pampu, halafu nozeli. Wewe mwenye kifaa kidogo cha ELM327 cha kusomea kompyuta ya gari, na programu ya Torque kwenye simu, utaiona asilimia hiyo ikipanda kabla taa haijawaka. (Baadhi ya magari ya zamani yaliyoundwa kwa soko la Japani hayasikilizani na vifaa hivi vya bei nafuu, kwa hiyo kijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa.)

Sasa mlete kijana wa laptopu kwenye gari hilo hilo. Akiongeza petroli kwenye jedwali, injini itatulia na mtampongeza. Kumbe ameliandika vumbi ndani ya kompyuta! Siku sensa ikisafishwa, petroli inamwagwa kupita kiasi, na lawama anatupiwa aliyesafisha.

Kwenye turbo, makosa hayasameheki. Petroli ya daraja la juu nchini Japani ina oktani isiyopungua 96, na Subaru nyingi za turbo ziliundwa kwa petroli hiyo. Ukiongeza presha ya turbo na kuwahisha cheche za plagi kwa faili lililopikwa kwa mafuta mengine na baridi nyingine, injini inagonga, na pistoni huvunjika. Faili lililojaribiwa Nairobi alfajiri halijaonja jua la saa nane Makindu, gari likiwa limejaa watu na maembe. Tena, presha ikiwa juu, mchanganyiko unaotakiwa ni kati ya 11 na 12 za hewa kwa 1 ya petroli, na sensa ya kawaida ya oksijeni haiwezi kupima huko. Inahitajika sensa ya masafa mapana. Kijana akija bila hiyo, muulize anapima kwa kifaa gani. Kwa sikio?

Kuhusu wenye matatu wanaotaka kidhibiti mwendo kichezewe, sina maneno mengi. Kikomo cha kilomita 80 kwa saa kiliwekwa na kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Michuki, katika Tangazo la Kisheria namba 161 la 2003. Fundi anayekubali kazi hiyo akijua malori yanavyofuatana usiku kati ya Salama na Mtito Andei, mimi simwiti fundi.

Aliye tayari kuandika, basi, ahifadhi kwanza faili la awali mahali pawili. Aweke betri kwenye chaja, maana umeme wa gari ukishuka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kufa papo hapo. Na stima zetu mnazijua. Arekodi injini inavyofanya kazi, abadilishe kitu kimoja tu, arekodi tena, alinganishe. Ustadi huu unafaa kufundishwa. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hupima mafundi wa jua kali kwa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Ningependa kuona vyuo vya ufundi vya Kitui na Makueni vikimfundisha anayejiandaa kwa mtihani huo kusoma rekodi za injini kwa bidii ile ile anayofundishwa kufungua gia.

Na wiki hii, ukipelekwa kwa mwenye laptopu, mwombe akuonyeshe rekodi ya kabla na ya baada, pamoja na faili la awali. Asipokuwa navyo, mlipe asafishe sensa ya hewa na abadilishe chujio, uende zako.