Mzee Dereva, Nyosha Viungo



Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Aliyeingia kazini humo akiwa na miaka 35, leo amepita 60. Wapo wazee wa rika hilo, Geita, Kahama na hata kule Mwadui kwenye almasi, ambao wakipata kiinua mgongo hununua gari. Wengine huliweka barabarani kubeba abiria, ndiyo hii michomoko yetu. Baiskeli iliyompeleka mzee kazini miaka yote anaachiwa mjukuu. Hapo ndipo nina neno.

Gari halichoshi miguu, na hiyo ndiyo hatari yake. Mwili usiotumika hukakamaa. Shingo ikigoma kugeuka, mzee hutegemea kioo peke yake, na bodaboda iliyo ubavuni haioni. Mguu ukiwa mzito, breki huchelewa. Pigeni hesabu: gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu, umekwenda mita 11 zaidi. Zinatosha kumfikia mtoto anayevuka na ndoo ya maji.

Dawa yake haina bei. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapima madereva 178 wenye miaka 70 na zaidi. Kundi moja lilifanya mazoezi ya viungo nyumbani kwa majuma 12. Walipopimwa barabarani, hao walibaki na uwezo wao, wenzao wakashuka.

Basi mzee wangu, usingoje uwanja wala viatu vya bei. Kila asubuhi geuza shingo taratibu kulia na kushoto, zungusha mabega, pandisha na kushusha nyayo, keti na kusimama mara kumi. Kisha tembea nusu saa, au idai ile baiskeli. Ukiona kizunguzungu au kifua kikibana, acha, nenda hospitali.

Ila mazoezi hayaondoi mtoto wa jicho, wala usingizi unaoletwa na baadhi ya dawa. Pima macho, muulize daktari. Akisema uache usukani, uache kwa heshima yako. Nanyi vijana, kabla ya kumnyang'anya baba ufunguo, tembeeni naye jioni.

Gari likilia kidogo tunakimbilia gereji. Dereva naye ana bawaba zake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.