Tembo Hawakufika Mji Mkongwe

Safari ya leo ni ya miguu, na wanaotembea ni wazazi na watoto wao, ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000.

Tuanzie mlangoni. Mtembeza wageni husimamisha kundi lake mbele ya mlango mkubwa wa nakshi, hushika msumari mmoja wa shaba uliochongoka, kisha husema: "Hii ilikuwa ya kuwazuia tembo." Watoto hutoa macho. Halafu hutokea mmoja akauliza: tembo gani?

Hapo ndipo historia inapoanza. Unguja hapakuwa na tembo wa kuvunja milango ya watu. Tembo wa vita walikuwa India, na huko ndiko malango ya ngome yalikopigiliwa misumari mirefu ya chuma. Mtindo huo ukavuka bahari pamoja na wafanyabiashara na mafundi, ukatua Unguja ukiwa pambo na alama ya ukwasi wa mwenye nyumba. Kwa hiyo ngano ya tembo si ya kutupwa, kwani ndani yake imo habari ya kweli ya Gujarat na majahazi yaliyokuja na kaskazi. Mtembezaji hodari huwaachia watoto waichambue wenyewe, kisha huwapa kazi nyingine: watafute milango yenye kizingiti kilichonyooka juu, halafu ile yenye tao, inayoonyesha mkono wa Kihindi na iliyoshamiri mwishoni mwa karne ya 19. Watazame pia minyororo na samaki waliochongwa kwenye mbao.

Mji Mkongwe umejaa visa vya namna hii. Vingine husimama vikiulizwa, vingine huyumba.

Ufukweni, mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, husimuliwa vita vifupi kuliko vyote duniani. Hivi havina shaka. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akajitwalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipopita, manowari zikaanza kufyatua mizinga. Hesabu inayotajwa sana ni dakika 38, ingawa wapo wanaofikisha 45. Khalid alikimbilia kwa konsula wa Ujerumani, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazama bandarini, milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka mingi. Watoto hushikilia zile dakika 38 na ile milingoti. Ni vyema wakaambiwa pia kwamba upande wa Sultani watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Ajaib lilinusurika mizinga hiyo, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa katika ukarabati.

Jirani yake ni Beit al-Sahel, ambako husimuliwa kisa cha Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani aliyezaliwa mwaka 1844. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Katika kumbukumbu zake, alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia alivyojifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kisa hicho hakihitaji kutiwa chumvi.

Kufikia hapo jua limeshapanda na miguu midogo imechoka. Bahati nzuri, nyumba nyingi zina baraza za mawe nje, na mgeni akitoa salamu kwanza, nafasi ya kukaa haikosekani. Mavazi ya heshima, maji ya kunywa na sikio la kusikia honi ya vespa kwenye kona vinatosha. Mtembezaji achaguliwe mwenye kibali, si papasi wa kuokota njiani.

Kituo kizito kiko Mkunazini. Hapa palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwezi Juni 1873 kwa mkataba ambao Waingereza walimlazimisha Barghash kuutia saini. Juu ya kiwanja hicho Askofu Edward Steere akajenga kanisa kuu la Kianglikana. Watoto wa pwani wanamjua Steere bila kujijua, kwani kisa cha kima na papa, yule kima aliyedai moyo wake ameuacha mtini, kimo katika hadithi alizozikusanya Unguja na kuzichapisha mwaka 1870. Kanisani wataonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, na inasimuliwa kwamba mafundi walizikosea askofu akiwa safarini.

Kisha hushukwa kwenye vyumba vya chini vilivyo jirani, vyenye giza na dari ya kuinamisha kichwa. Wageni huambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo wakisubiri mnada. Wapo wanahistoria wanaolipinga hilo, kwa hoja kwamba jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Ukatili wa soko lenyewe hauna mpinzani, na mtembezaji mwaminifu huyasema yote mawili. Watoto wakubwa huyamudu. Wadogo wanaweza kubaki nje na mzazi mmoja, karibu na sanamu za watumwa waliofungwa minyororo zilizowekwa mwaka 1998.

Huko nje ndiko huulizwa swali zito kuliko la tembo: soko lilipofungwa, watu wakawa huru? Hapana. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na masoko yake. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897, na masuria wakasubiri hadi 1909. Wengi walioachiwa huru waliishi Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuja kufukiwa katika karne ya 20. Leo ni kuvuka barabara tu pale Darajani, na familia yenye nguvu ya nusu saa zaidi imwombe mtembezaji wake aivuke.