Telefone ya nani iko upande wa pili?

Maneno ya timu ya tereni katika mkutano mkuu wa chama, Bunia, mbele ya memba na wafadhili

 

Katika mkutano uliopita mlituagiza tutafute programu moja ya kupigiana na kuandikiana kwa intaneti, kusudi biro ya Bunia, komite za vijiji na wafadhili wasikilizane bila kumaliza pesa ya chama katika kredi. Leo tunarudisha jibu. Tulitafuta moja, tukarudi na njia nne. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho mbele ya kutuambia kwamba tumeongeza kazi badala ya kupunguza.

Tuanze na kosa, na kosa ni letu sisi wenyewe, si la mtu mwingine. Wakati wa kugawa mbegu, tulipiga picha ya listi ya familia tukaitupa ndani ya grupu la chama. Tuliona tumefanya kazi haraka na kwa uwazi. Kwenye ile picha kulikuwa majina kamili, kijiji, idadi ya watoto na nambari ya telefone. Grupu lenyewe lilikuwa na watu zaidi ya 200, na hakuna mtu katika biro aliyeweza kusema kila mmoja ni nani.

Siku mbili nyuma yake, mama mmoja akatupigia. Mtu alimwita kwa jina lake lote, akamtajia kijiji chake na watoto wake, akamwambia atume pesa kidogo ya transpoti ya mbegu kwa telefone. Mama akatuma. Angekataaje? Mtu aliyejua yote hayo, kwake alikuwa mtu wa chama. Kisha tukasikia kwamba wengine nao walituma. Kasha la chama likawarudishia pesa. Lakini yule mama alituuliza swali moja ambalo kasha haliwezi kulilipa: "Kama mwizi anajua kwetu ni wapi, nani mwingine anajua?"

Ninyi wote mnafahamu uzito wa swali hilo. Tangu Desemba 2017 watu wa Djugu wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Wengine walikaa katika kambi hapa mjini, wengine wakavuka Ziwa Albert kwenda Uganda mpaka Kyangwali. Mtu aliyerudi amejenga upya nyumba ambayo ilichomwa. Karatasi inayosema ni nani amerudi wapi, na watoto wangapi, si karatasi ya biro tu. Ni maisha yake.

Tangu ile siku tukabadilisha namna ya kutafuta. Kwanza tulikuwa tunalinganisha programu tukiwa tumekaa kwenye kiti cha biro, pale kwenye rezo nzuri na umeme wa sola: gani iko na picha safi, gani inapokea watu wengi. Kisha tukaanza kuuliza swali lingine: telefone ya nani iko upande wa pili?

Tukazunguka. Mambo tuliyokuta hayatawashangaza memba, lakini wafadhili wayasikie. Katika komite nyingi androidi ni moja, nayo mara nyingi si ya prezida wa komite, ni ya kijana wake ao ya jirani. Wamama wengi wako na telefone ndogo ya vitufe. Kuna vijiji ambako rezo inapatikana juu ya kilima fulani tu, na watu wanapanda mangaribi kusoma mesaji zote za siku. Kuchaji batri ni kulipa. Mega ni pesa: mtu anayenunua forfe ya siku moja, akifungua video moja ya dakika chache, siku yake imekwisha.

Jambo lingine tulikuwa hatulifikirii. Wengi waliorudi kutoka Uganda bado wako na WhatsApp kwenye nambari ya kule, ile inayoanza na 256, hata kama laini yenyewe hawaitumii tena. WhatsApp inaendelea kufanya kazi, mtu anaona hakuna shida. Lakini laini isiyotumiwa muda mrefu, kampuni inaweza kuiuza kwa mtu mwingine. Huyo akiiandikisha kwenye WhatsApp, yule wa kwanza anatupwa nje, na mgeni anaingia mahali pake, mpaka ndani ya magrupu. Ndugu, hapo hakuna aliyevunja mlango. Ufunguo tuliuacha Uganda.

Sasa programu zenyewe. Tuseme kwa ufupi.

WhatsApp ndiyo watu wako nayo tayari, na hilo ni jambo kubwa kuliko uzuri wowote. Tangu 2016 mesaji zake zinafungwa toka telefone moja mpaka nyingine, hata kampuni yenyewe haisomi. Lakini kufuli hilo linaishia kwenye telefone. Aliye ndani ya grupu anasoma yote, anapiga picha, anatuma mbele. Na nakala inayohifadhiwa kwa Google haifungwi namna hiyo mpaka wewe mwenyewe uwashe kufuli lake.

Telegram inapendwa na vijana juu inabeba fichiye kubwa. Lakini mazungumzo yake ya kawaida na magrupu yake hayana kufuli la toka mwanzo hadi mwisho. Kufuli hilo liko katika mazungumzo ya siri ya watu wawili tu. Kwa hiyo hatukuichagua kwa kazi yetu.

Signal inaendeshwa na shirika lisilotafuta faida. Kila kitu kinafungwa, inahifadhi habari chache sana za mtumiaji, na tangu 2024 unaweza kuficha nambari yako kwa watu mnaoandikiana. Udhaifu wake ni mmoja: vijijini karibu hakuna aliye nayo.

Kwa mikutano, Zoom ya bure inapokea watu 100 lakini inakata kwa dakika 40, na Google Meet ya bure inakata kwa dakika 60 mkiwa watatu ao zaidi. Wazee wa saiba wanakumbuka Skype; ilifungwa tarehe 5 Mei 2025. Hiyo ni fundisho: programu inaweza kufa, kwa hiyo kumbukumbu za chama zisikae ndani ya programu peke yake.

Na intaneti yenyewe inaweza kufa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, ilikatwa katika Kongo nzima, ikarudi karibu siku 20 nyuma yake. Ituri wakati ule ilikuwa ndani ya Ebola, tena na vita. Chama ambacho masikio yake yote yako kwenye intaneti, siku kama zile ni kiziwi.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi.

Njia ya kwanza ni kupiga kwa kawaida na SMS. Tunaiweka mbele makusudi. Kila kijiji kitakuwa na watu wawili wa kupigiwa, mwanaume na mwanamke, wenye telefone ya aina yoyote. Habari ya hatari inapita hapa kwanza. Mtu asiseme "niliiandika kwenye grupu" kama hakupiga.

Njia ya pili ni WhatsApp, kwa matangazo na kazi ya kila siku. Grupu kubwa tunalifunga: wasimamizi tu ndio wataandika, wengine watasoma. Mwenye swali ataandikia biro pembeni. Sauti zinaruhusiwa, tena tunazipenda, juu wazee wengi hawasomi, na sauti inaweza kusemwa kwa Kiswahili, Kilendu, Kihema ao Kialur. Dakika moja ya sauti haifiki hata mega moja. Video za kuchekesha na mahubiri, tunaomba msamaha, zitafute grupu lingine.

Njia ya tatu ni Signal, kwa watu wachache tu: komite ya ulinzi na timu ya tereni. Mambo ya mama aliyetendewa ubaya, mtoto aliyepotea, kijiji kinachotishwa, yanapita hapo, na mesaji zinajifuta zenyewe kwa wakati tutakaopanga.

Njia ya nne ni mkutano wa intaneti na wafadhili, mara moja kwa mwezi, kwa sauti bila picha. Picha mtaletewa katika ripoti.

Pamoja na njia hizo kuna sheria tano, na sheria hizo zina maana kuliko programu.

Moja: listi haitumwi kwenye grupu lolote, wala kwa picha wala kwa fichiye. Listi inakaa biro, chini ya ufunguo, na anayeitaka anakuja kuisoma. Familia inaambiwa habari yake kwa mdomo.

Mbili: kila mesaji juu ya barabara ao usalama inaanza na siku, saa, na ni nani aliyeona kwa macho. Mnajua namna ilivyo: "Barabara iko wazi" inatumwa mbele mara kumi, na kila anayeipokea anadhani ni ya leo. Mesaji iliyotumwa mbele haionyeshi siku ilipozaliwa. Familia inaweza kufunga mizigo juu ya habari ya juma lililopita.

Tatu: mwenye WhatsApp ya nambari ya Uganda, ao ya laini aliyopoteza, abadilishe. Ndani ya mipangilio kuna mahali pa kubadilisha nambari; magrupu na mazungumzo yako yanabaki. Ukiwa bado uko na ile telefone, haichukui dakika tano. Leo nyuma ya mkutano tutakaa pale chini ya muembe, mje tuwasaidie.

Nne: kila msimamizi wa grupu aweke nambari ya siri ya tarakimu sita ya WhatsApp, na asimpe mtu yeyote, hata anayesema ni wa chama. Chama hakitawaomba nambari ya siri. Chama hakitawaomba pesa kwa telefone mbele ya kupokea msaada. Tunarudia: hakitawaomba. Mkisikia sauti inaomba, ni mwizi, hata kama inajua jina la babu yako.

Tano: mtu akitoka katika komite, anatoka pia katika grupu, siku ileile. Si kumfukuza, ni kumlinda.

Sasa neno kwa wafadhili, na tunalisema kwa heshima. Mara kwa mara tunaombwa tutumie programu ya biro yenu, tuweke listi na picha za watu humo, tufungue kamera wakati wa mkutano. Tunaelewa. Ninyi pia mnaulizwa pesa imekwenda wapi. Lakini mnapoomba listi ya majina kwa email, jiulizeni kama ninyi, nyumbani kwenu, mngekubali majina ya watoto wenu yasafiri hivyo. Njooni mhesabu nasi, ao mtume mtu wenu. Tutawapa idadi, tutawafungulia vitabu vya hesabu, tutawapeleka shambani mkaone mbegu zimeota. Majina yabaki.

Na kama mnataka kutusaidia katika jambo hili, msitununulie programu. Programu zote tulizotaja tunaweza kuzitumia bure. Tusaidieni sahani ndogo ya sola kwa kila watu wawili wa kupigiwa, na kredi yao ya kila mwezi. Yule mama aliye juu ya kilima akitafuta rezo anatumikia chama kama sisi tunaokaa biro, lakini yeye anatumia franga zake.

Memba wapendwa, mtapiga kura juu ya sheria hizi. Mkiona moja haifai, semeni sasa, tuibadilishe hapahapa. Yule mama aliyetuuliza swali amekaa kati yenu leo, na ametukubalia tuseme habari yake bila jina. Alipotukubalia alituomba jambo moja: mwaka ujao, listi ya mbegu asiione tena kwenye telefone ya mtu.

Tumemwahidi.