Gari la Chama Linapozimika Njiani

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Mmezoea kuniona nikija na kalamu nyekundu, nikiuliza habari za vitabu vya fedha, mizani na stakabadhi za mazao. Leo nimeombwa niseme juu ya gari la chama ambalo injini yake huzimika mara kwa mara. Mimi si fundi wa magari. Lakini nimekagua vyama vingi vyenye magari, na nimeona kuwa aghalabu fedha za wanachama hupotea kwa sababu ubovu umetafutwa kwa kubahatisha. Nitaanza na kisa ambacho mimi mwenyewe nilikosea ndani yake.

Mwaka 2008 chama kimoja cha wakulima wa pamba, ambacho sitakitaja, kilikuwa na gari dogo la mizigo la mtindo wa zamani, la petroli, lenye kabureta. Gari hilo lilichukua mizani na magunia, na siku za malipo lilichukua fedha za wakulima kutoka benki. Katikati ya msimu likaanza kuzimika. Lilikwenda vizuri kwa dakika 30 au 40, kisha likapungua nguvu, likakohoa, likazima. Siku moja lilizima porini jua likizama, na ndani yake mlikuwa na fedha za malipo ya kijiji kizima.

Kamati ilishtuka, na ilikuwa haki ishtuke. Ikaagiza plagi mpya, gari likazima. Ikaagiza pampu ya mafuta, gari likazima. Ikanunua koili, kisha ikalipa fundi aifumue kabureta. Stakabadhi nne zikaingia katika faili, na gari likazidi kuzima.

Dereva alikuwa mtu mwangalifu wa daftari. Kila lilipozima aliandika: gari limezima, nimefungua tangi kutazama mafuta, limewaka. Wajumbe walipoyasoma maneno hayo wakaona wamempata mwizi. Walisema kwamba gari huzima zaidi siku ambayo tangi limejazwa, kwa maana siku hiyo ndipo kuna cha kuiba. Na kwamba mtu hafungui tangi porini ila anataka kunyonya mafuta auze. Nami nilipokuja kukagua nikaandika hoja katika taarifa yangu, kwamba dereva aeleze sababu ya kufungua tangi njiani. Kwa nguvu ya hoja ile akasimamishwa kazi.

Dereva mwingine akaajiriwa. Huyu hakuthubutu kugusa kifuniko cha tangi, asije akashukiwa. Gari likazima vilevile. Tena sasa lilikaa karibu saa nzima kabla ya kukubali kuwaka.

Niliporudi baada ya miezi miwili, nilizisoma kurasa za madereva hao wawili kwa pamoja. Wa kwanza alifungua tangi, gari likawaka baada ya dakika tano. Wa pili hakufungua, gari likangoja saa nzima. Hapo nikatambua kwamba yale niliyoyaita ushahidi wa wizi yalikuwa ushahidi wa ubovu. Nikampelekea daftari mzee mmoja fundi. Hakufungua injini. Aliomba kifuniko cha tangi, akakitia mdomoni baada ya kukifuta, akapuliza. Hewa haikupita.

Ndugu zangu, wote mmewahi kumimina mafuta ya taa kutoka katika debe. Ukitoboa tundu moja tu, mafuta hutoka kidogo, husitasita, kisha hukoma. Ukitoboa tundu la pili juu, hewa huingia na mafuta hutiririka. Tangi la gari lile lilikuwa debe lenye tundu moja. Kadiri pampu ilivyovuta petroli ndivyo mvuto ulivyoongezeka ndani ya tangi, hata pampu ikashindwa. Kifuniko kilipofunguliwa, hewa iliingia kwa kishindo na gari likawaka. Kisipofunguliwa, hewa ilipenya polepole tu. Na tangi likijaa, nafasi ya hewa iliyobaki ni ndogo, hivyo mvuto huongezeka upesi zaidi. Ndiyo sababu gari lilizima mapema siku ya kujazwa mafuta.

Nikarudi katika faili. Wiki moja kabla ya safari ya kwanza ya kuzima palikuwa na stakabadhi ya kifuniko kipya, kwa kuwa cha asili kilipotea. Kilichonunuliwa hakikuwa na tundu la hewa. Stakabadhi hiyo ndogo ilikuwa imelala chini ya zile nne kubwa, na sisi sote tuliipita.

Sasa nieleze niliyojifunza kwa mafundi. Injini ya petroli huhitaji mafuta, hewa, mgandamizo, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Injini ya dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Namna gari linavyozima hutuonyesha mahali pa kuanzia.

Kwanza, gari la petroli likizima ghafla, kama kwamba mtu amezungusha ufunguo, shuku umeme: waya uliolegea, vichwa vya betri, swichi, au koili. Koili mbovu huweza kufanya kazi ikiwa baridi, ikakata ikipata moto, na kurudi ikipoa. Likizima baada ya mvua au kuvuka maji, tazama unyevu katika nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta.

Pili, likipungua nguvu na kukohoa kabla ya kuzima, hasa katika mlima au likiwa na mzigo, shuku mafuta: chujio lililoziba, uchafu au maji katika tangi, pampu dhaifu, au tundu la hewa la tangi kama katika kisa chetu.

Tatu, likizima pale tu dereva anapoondoa mguu katika mafuta, shuku marekebisho ya mwendo wa kutulia, uchafu katika njia ndogo za kabureta, au mpira uliopasuka unaoingiza hewa isiyopimwa.

Nne, kwa dizeli, shuku chujio, maji katika mafuta, na hewa iliyoingia katika mabomba. Hewa hutolewa kwa utaratibu wa mtengenezaji. Lakini katika magari mapya ya dizeli mtu asilegeze bomba la nozeli wakati injini inanguruma. Shinikizo lililomo huweza kupenyeza mafuta ndani ya ngozi, na jeraha la namna hiyo ni la kukimbiziwa hospitali hata likionekana dogo.

Tano, magari mapya yana kompyuta inayohifadhi alama za hitilafu, na fundi mwenye chombo huzisoma. Hata hivyo, alama huonyesha sehemu ya kuchunguza. Si hati ya kununulia kipuri. Tena katika magari hayo kifuniko cha tangi huwa kimezibwa kwa makusudi, na hewa hupitia njia nyingine. Kwa hiyo msikimbilie kutoboa vifuniko kwa kuwa mkaguzi amesema.

Kuna hatari ambazo katibu hana budi kuwakumbusha madereva. Injini ikizima gari likitembea, usukani wenye msaada huwa mzito, na breki zenye msaada hubaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu. Kwa hiyo dereva akanyage breki kwa uthabiti bila kupigapiga, alisimamishe gari pembeni, aweke alama za hadhari. Kuzima injini mteremkoni kwa nia ya kubana mafuta ni kucheza na maisha ya watu. Asivute sigara karibu na tangi lililo wazi, wala asinyonye petroli kwa mdomo.

Ndugu Makatibu, kazi yenu si kutengeneza injini. Kazi yenu ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dereva aandike tarehe, saa, kilomita, gari limekwenda dakika ngapi kabla ya kuzima, mafuta yaliyomo, hali ya hewa, lilivyozima, alichofanya, na lilichukua muda gani kuwaka. Safari tatu au nne zikiandikwa hivyo, fundi atapata njia.

Tena, kamati isiidhinishe kipuri mpaka fundi aeleze amekijaribuje kile cha zamani. Kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja, kisha gari lijaribiwe. Vikibadilishwa vitatu pamoja, hatutajua kilichoponya. Kipuri kilichotolewa kirudishwe ghalani na kuandikwa. Na swali la kwanza la kuuliza liwe hili: ni kitu gani kilibadilishwa katika gari hili kabla ubovu haujaanza?

Kuhusu dereva wetu, niliandika taarifa ya pili kuifuta hoja yangu, nikaisoma mwenyewe mbele ya mkutano mkuu. Alirudishwa kazini na kulipwa mishahara yake. Lakini katika miezi ile miwili watoto wake waliitwa watoto wa mwizi kisimani na shuleni, na hilo halina fungu katika makisio ya chama chochote. Alipopokea ufunguo aliniomba jambo moja tu: kwamba maneno yake katika daftari yasifutwe, yabaki kama alivyoyaandika. Yapo mpaka mwisho wa kitabu kile.

Ndugu Mwenyekiti, ushirika husimama juu ya kuaminiana, na kuaminiana hakukatazi kuchunguza. Ila tuchunguze gari kabla ya kumchunguza mtu, na tusome daftari lote, si mstari ule tu unaokubaliana na shaka tuliyo nayo.